Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka, anzia chini ya siti

Ukiwasha swichi ya gari, kabla hujapiga stata, taa kadhaa huwaka kwenye dashibodi. Mojawapo ina picha ya mtu aliyeketi akiwa amefunga mkanda, na mbele ya kifua chake kuna duara. Kwenye magari mengine hakuna picha, kuna herufi tatu tu: SRS. Taa hiyo inatakiwa kuwaka kwa sekunde kama sita, kisha izime yenyewe. Katika sekunde hizo kompyuta ya eabegi, yaani mifuko ya hewa ya usalama, inakagua nyaya na sensa zake. Ikizima, maana yake haikuona tatizo. Ikibaki imewaka, ikizima kisha ikarudi ukiwa njiani, au ikiwa inamweka-mweka, kuna kasoro imeonekana na imeandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta hiyo.

Madereva wengi huizoea. Gari linawaka, linakwenda, halichemshi, halili mafuta kupita kawaida, na taa moja nyekundu haimzuii mtu kufika kazini. Lakini mfumo huu hauna namna nyingine ya kukuambia kwamba unaumwa. Hauna mlio wala mtikisiko, na siku utakapouhitaji hutapata nafasi ya pili. Nitaeleza kasoro moja inayoweza kuwasha taa hiyo na ambayo hupimwa ovyo katika gereji nyingi: kasoro ya sensa ya nafasi ya siti, ile inayoiambia kompyuta kama dereva amekaa karibu na usukani au mbali nao.

Kwa nini siti iwekewe sensa

Mfuko wa hewa wa usukani hujaa ndani ya takriban milisekunde 30, kabla jicho halijamaliza kupepesa. Nguvu hiyo ndiyo inayomwokoa aliyekaa umbali unaofaa akiwa amefunga mkanda, na ndiyo inayoweza kumuua aliyeusogelea mno. Marekani walijifunza hilo kwa gharama ya maisha ya watu. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilikadiria kuwa kati ya mwaka 1990 na 2008 watu zaidi ya 290 waliuawa na mfuko wa mbele wenyewe, tena katika ajali za mwendo mdogo. Karibu asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea kwenye magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998, na wengi wa waliokufa hawakuwa wamefunga mkanda au walikuwa wameufunga vibaya. Walio hatarini zaidi walikuwa watoto, na watu wafupi wanaolazimika kusogea mbele ili miguu ifike kwenye pedali.

Mei 2000 Marekani ilitoa kanuni mpya ya mifuko ya hewa. Ilianza kutekelezwa kwa awamu Septemba 2003, na kufikia Septemba 2006 magari mapya yote ya abiria yalitakiwa kuifuata. Kwa kiasi kikubwa wahandisi waliijibu kwa mfuko wenye hatua mbili. Kopo la gesi lina viwashio viwili: mgongano ukiwa wa wastani, au dereva akiwa karibu, cha kwanza hufanya kazi na cha pili hucheleweshwa, hivyo mfuko hutoka kwa nguvu ndogo. Mgongano ukiwa mkali na dereva yuko mbali, vyote viwili hulipuka karibu kwa pamoja. Kompyuta huamua kwa kutazama ukali wa mgongano, kama mkanda umefungwa, na siti iko wapi.

Sensa yenyewe haivutii macho. Ni kipande cheusi cha plastiki kisichozidi sana ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa skrubu kwenye reli ya siti ya dereva, na plagi yake mara nyingi ina nyaya mbili tu. Nyingi ni za aina ya Hall, jina la mwanafizikia wa Kimarekani Edwin Hall, ambaye mwaka 1879 aligundua jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita kwenye bati. Siti inaposogea, sensa inalipita bati la chuma lililofungwa sehemu ya reli isiyosogea, au inaliacha nyuma. Uga wa sumaku hubadilika, na kiasi cha umeme kinachopita kwenye zile nyaya mbili kinabadilika pia: kama miliampia 5 katika hali moja na karibu 15 katika hali nyingine. Kompyuta inasoma tofauti hiyo tu. Katika magari mengi haijui sentimita. Inajua majibu mawili, mbele au nyuma. Ikipata umeme usiofanana na jibu lolote kati ya hayo mawili, inawasha taa.

Si kila gari lina sensa hii. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa kawaida huwa nayo au yana njia nyingine ya kupima kitu hicho hicho. Magari ya Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu za Afrika Mashariki, hutofautiana hata ndani ya jina moja la gari, kwa mwaka na kwa toleo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kama gari lako linayo: chungulia kwa tochi kwenye reli za siti, soma kitabu cha gari, au mwambie muuza spea atafute kwa namba ya chesi. Usikubali kuambiwa sensa ya siti imekufa kwenye gari ambalo halijawahi kuwa nayo.

Kinachoharibika mara nyingi si sensa

Sensa isiyo na vipande vinavyosuguana haina sababu kubwa ya kufa. Kinachoteseka ni waya wake. Chini ya siti ya mbele kuna fungu la nyaya linalopinda kila siti inaposogezwa, na ndani ya fungu hilo haipo sensa ya nafasi peke yake. Kuna waya wa mfuko wa ubavuni ulioshonwa ndani ya siti, waya wa swichi ya mkanda, waya wa kifaa kinachokaza mkanda wakati wa ajali, na upande wa abiria waya wa sensa ya uzito. Kwenye magari kadhaa ya Ulaya, Ford Focus ikiwa mojawapo, plagi zilizo chini ya siti zina sifa mbaya ya kulegea baada ya miaka, na kulegea kidogo tu kunatosha kuwasha taa.

Halafu kuna sisi wenyewe na tunavyoitumia nafasi ile. Chupa ya maji inabingirika chini ya siti, dereva anasukuma siti nyuma, chupa inabana waya. Viatu vya kubadilisha, spana, kizima moto kisichofungwa, sarafu, funguo: vyote huishia pale. Gari linapooshwa ndani kwa maji na sabuni, maji hutulia kwenye zulia chini ya siti siku kadhaa, na plagi iliyolala pale inaota kutu ya kijani kwenye pini zake. Magari yaliyowahi kuingia maji ya mafuriko huonyesha hilo hata miezi baadaye.

Lakini chanzo ambacho ningemuuliza kila mwenye gari kabla ya kufungua boksi la spana ni hiki: umebadilisha kava za siti lini? Mtu akipeleka gari kwa fundi wa siti ashonewe ngozi mpya, fundi huyo anang'oa siti za mbele, anachomoa plagi za manjano, na kuzipeleka siti barazani. Gari linabaki na nyaya zinaning'inia. Baadaye linahitaji kusogezwa ili kupisha jingine, mtu anaingia, anawasha swichi. Wakati huo huo kompyuta inaona sensa haipo, mfuko wa ubavuni haupo, kikaza mkanda hakipo, na inaandika yote. Jioni siti zinarudishwa, plagi zinachomekwa, kila kitu ni kizima, lakini taa inabaki imewaka, kwa sababu katika magari mengi haizimi mpaka msimbo, yaani namba ya kasoro iliyoandikwa, ufutwe kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Mwenye gari anaambiwa sensa imeharibika, ananunua nyingine, na taa bado iko pale pale. Mafundi wa siti hawana ubaya; hawajaambiwa tu kwamba betri ifunguliwe kabla plagi ya kwanza haijachomolewa, na isifungwe mpaka ya mwisho irudi. Mwambie wewe. Na kama siti zako zina alama ya SRS au AIRBAG pembeni mwa mgongo, mweleze pia kwamba upande huo haushonwi kwa ngozi nzito ya mfululizo, kwa sababu mfuko unatakiwa kuupasua ili utoke.

Magari yaliyohamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, kwa ajili ya nchi kama Kongo na Rwanda, yana shida yake peke yake. Nyaya za siti mbili zinaweza kuwa zimebadilishwa bila mpangilio, na hapo michoro ya mtengenezaji haisaidii sana. Gari la namna hiyo lipeleke kwa fundi umeme aliye tayari kufuata waya mmoja mmoja kuanzia mwanzo.

Kabla ya kugusa plagi ya manjano

Rangi ya manjano kwenye plagi na nyaya za magari mengi ina maana maalumu: mbele yake kunaweza kuwa na kitu kinacholipuka. Zima swichi, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri na uusogeze pembeni usiweze kurudi wenyewe. Kisha subiri. Kompyuta ya mifuko ya hewa ina akiba yake ya umeme, imewekwa makusudi ili mifuko ifanye kazi hata betri ikikatika katikati ya ajali, na akiba hiyo haiishi mara tu unapofungua betri. Toyota wanaagiza kusubiri angalau sekunde 90. Honda wanasema dakika tatu. Mimi nashauri dakika kumi. Hazikupunguzii kitu, na zinafunika tofauti za kila kampuni.

Mita ya umeme isitumiwe kupima ohmu kwenye mfuko wa hewa wala kwenye kikaza mkanda. Kiwashio kilichomo kina ukinzani wa ohmu kama mbili tu na kimeundwa kulipuka kwa umeme mdogo. Watengenezaji wanakataza kipimo hicho waziwazi. Taa ya kupimia, ile yenye ncha ya sindano na klipu, haifai kabisa kwenye mfumo huu. Usitoboe waya ili kuufikia.

Ndani ya plagi nyingi za mifuko kuna kibati kidogo cha chuma ambacho huunganisha pini mbili mara plagi inapochomolewa, ili umeme tuli wa mwili wako usiweze kukiwasha kiwashio. Usikipinde. Kibati hicho humdanganya pia fundi asiyekijua: anapima, mita inaonyesha nyaya mbili zimegusana, anatangaza shoti, kumbe kibati kinafanya kazi yake.

Mwenye gari asiye fundi anaweza kufanya mambo mengi yenye manufaa bila kuchomoa chochote, na ningependa aishie hapo. Kuchunguza kwa macho, kuondoa takataka, kusoma misimbo, na kusogeza siti huku akitazama mashine, hayo ni yake. Kuchomoa na kupima nyaya ni kwa fundi umeme wa magari anayeujua mfumo huu.

Dalili kwanza, mashine baadaye

Jiulize taa ilianza lini na ulikuwa ukifanya nini. Ikija unapokata kona au kuzungusha usukani, na pengine honi au vitufe vya usukani navyo vinagoma, siti haihusiki. Tazama utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani. Ikija unaposogeza siti, au baada ya kumpa mtu mwingine gari akarekebisha siti kwa urefu wake, uko mahali penyewe. Ikija kwenye matuta na kuzima yenyewe, kuna plagi imelegea. Ikija baada ya kuosha gari, tafuta unyevu. Betri dhaifu nayo huweza kuiwasha, hivyo betri ipimwe kabla ya mengine.

Kisha zisomwe kumbukumbu za kompyuta. Vile vijidude vya bei nafuu vya Bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani kwa kawaida husoma injini tu; mfumo wa mifuko ya hewa unahitaji mashine iliyo na uwezo wa kuufikia. Muulize fundi kabla hajaanza: mashine yako inaingia SRS? Ikiingia, atapata misimbo inayoanza na herufi B. Kwenye magari mengi ya Toyota, B1653 ndio wa saketi ya sensa ya nafasi ya siti ya dereva, B1655 ni wa swichi ya mkanda wa dereva, na B1650 unahusu mfumo wa kutambua abiria. Kampuni nyingine zina namba zao, na namba inayofanana inaweza kuwa na maana tofauti, kwa hiyo jina la gari, mwaka na toleo viingizwe sawasawa kwenye mashine.

Msimbo unasema saketi, hausemi sensa. Saketi ni sensa, plagi yake, waya hadi kwenye kompyuta, plagi ya upande wa kompyuta, na kompyuta yenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: mtu anasoma jina la msimbo, anakimbilia dukani. Tazama kwanza kama msimbo ni wa sasa au wa zamani. Mashine nzuri hutofautisha. Uandikeni au upigeni picha, kisha ufutwe. Ukirudi ndani ya zile sekunde sita za kwanza, kasoro ipo wakati huu na haiendi popote. Usiporudi, ulikuwa umebaki kutoka kwa fundi wa siti au kutoka kwenye plagi inayolegea mara moja moja, na hapo kazi ni kumvizia mwizi wake.

Njia bora ya kumvizia ni rahisi. Mashine ikiwa imeunganishwa na swichi iko wazi, fungua ukurasa wa data za moja kwa moja na utafute mstari wa nafasi ya siti ya dereva. Bila kugusa plagi yoyote, shika mpini wa siti na uisogeze polepole kutoka mbele kabisa hadi nyuma kabisa. Mstari unatakiwa kusoma mbele, kisha mahali fulani ubadilike usome nyuma, mara moja tu, na ukirudisha siti ubadilike tena. Rudia taratibu, simama kila hatua ya reli.

Mstari ukisoma mbele na nyuma vizuri lakini sehemu moja ukaruka na kuonyesha hitilafu, waya unavutwa au kubanwa siti ikifika pale. Ukibaki kwenye jibu moja siti ikisafiri njia nzima, bila hitilafu, basi umeme unafika ila sensa hailioni bati: bati limepinda, sensa imesogea, au vumbi la chuma limejikusanya kwenye uso wenye sumaku. Ukionyesha hitilafu kuanzia mwanzo hadi mwisho, waya umekatika, umegusa bodi, plagi imeachia, au ni kweli sensa imekufa.

Vipimo vya fundi

Betri ikiwa imefunguliwa na muda umepita, fundi anashuka kwenye plagi ya sensa. Aikague pini kwa pini kwa tochi na kioo cha kukuzia kama anacho. Pini iliyorudi nyuma milimita moja au mbili haionekani kwa haraka, na plagi hufungika kama kawaida ilhali ndani hazigusani. Kutu ya kijani isafishwe kwa dawa ya kupuliza inayotengenezwa kwa viunganishi vya umeme. Msasa haufai, unaondoa ngozi nyembamba ya madini inayolinda pini, na kutu hurudi kwa kasi zaidi.

Nyaya zipimwe tu baada ya plagi za sensa na za kompyuta kuchomolewa, na mifuko na vikaza mikanda vikiwa vimetengwa. Kila waya kutoka upande mmoja hadi mwingine usome chini ya ohmu moja. Kati ya nyaya zenyewe, na kati ya kila waya na bodi ya gari, usome megaohmu moja au zaidi. Siti isogezwe wakati wa kupima, kwa kuwa waya uliokatika ndani ya ngozi yake huunganika na kuachana kadiri unavyopindwa.

Sensa yenyewe haipimiki kwa ohmu. Ndani yake kuna elektroniki, na namba utakayoipata kwa mita haikuambii uzima wala ubovu. Fundi akikuonyesha mita na kusema sensa imekufa kwa sababu "haisomi ohmu", mwombe aeleze zaidi. Sensa inahukumiwa kwa kuondoa mengine yote: nyaya zimepimwa na ni nzima, plagi ni safi, bati liko sawa, mwanya kati ya sensa na reli uko sawa, na bado kompyuta inaona hitilafu.

Mwanya huo ndio kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Kwenye Toyota nyingi zenye sensa hii, unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.6 na 1.4. Maelekezo yao ni kuweka fila geji ya milimita 1, kuibana sensa taratibu juu yake, kukaza skrubu, kisha kuvuta geji. Geji ni ile ile inayotumika kupimia valvu, kila gereji inayo. Sensa iliyokazwa kwa makisio ya jicho inaweza kufanya kazi siku ya kwanza na kuanza kukosea mtu mzito akikaa. Na sensa iliyoanguka chini isifungwe tena, hata kama haina ufa unaoonekana. Mtengenezaji anaagiza ibadilishwe.

Kuhusu spea za mtumba, kampuni za magari zinasema sehemu za mfumo huu zisitolewe gari moja kupelekwa jingine. Najua Gerezani ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi ndiko wengi wetu tunakonunulia, na sensa ya nafasi si kitu kinacholipuka. Hata hivyo huwezi kujua kama ilianguka ilipokuwa ikifunguliwa, wala kama gari ilimotoka liligongwa. Ukipata mpya, nunua mpya. Ukilazimika, namba ya kipande ifanane herufi kwa herufi. Mfuko wa hewa au kikaza mkanda cha mtumba usikubali kwa bei yoyote.

Waya uliokatika nao una sheria zake. Baadhi ya watengenezaji hawaruhusu kuungwa, wanataka fungu zima libadilishwe. Wengine wanaruhusu kwa viunganishi maalumu vinavyobanwa. Kusokota nyaya mbili na kuzifunga kwa soletepu hakumo katika orodha ya yeyote.

Upande wa abiria

Siti ya abiria wa mbele ina kazi nyingine: kujua kama kuna mtu, na kama ni mkubwa au mdogo. Magari mengine hutumia mkeka wenye sensa chini ya sponji, mengine vipimo vya uzito kwenye miguu ya siti. Kompyuta huzima mfuko wa abiria ikiona siti tupu au mtoto, na taa ya kuonyesha mfuko umezimwa huwaka. Mfumo huu huchanganyikiwa na vitu vidogo: jeki iliyosukumwa chini ya siti ikainyanyua, au abiria wa nyuma anayesukuma mgongo wa siti kwa magoti.

Zaidi ya hapo, siti hiyo ikifunguliwa na kurudishwa, vipimo vya uzito huenda vikahitaji kusawazishwa upya kwa mashine. Kwenye Toyota zenye vipimo hivyo, siti tupu husawazishwa hadi sifuri, kisha huwekwa uzito wa kilo 30, na mashine inatakiwa isome kati ya kilo 27 na 33. Mfuko wa saruji wa kilo 50 haufai kwa kazi hii. Tafuta kitu kilichopimwa kwenye mizani. Fundi aliyefungua siti bila kufanya hatua hii amekurudishia gari lisilojua kupima mtoto.

Ujanja wa kukataa

Kuna vipande vidogo vinavyouzwa, na rezista zinazofungwa kwenye plagi, ili kompyuta iamini kwamba sensa au mkeka upo na ni mzima. Taa inazima na mteja anafurahi. Kilichofanyika ni kuifungia kompyuta jibu moja maisha yote: siti iko nyuma, au siti ya abiria ina mtu mzima. Mama mfupi akiendesha gari hilo amesogea mbele, kompyuta itampa nguvu ya mtu aliye mbali. Hatari ile iliyoua watu Marekani katika miaka ya 1990 inarudishwa kwa makusudi, tena sasa bila taa ya kuonya.

Wengine huzima taa yenyewe: hung'oa balbu, au huiunganisha na taa ya mafuta ya injini ili ziwake na kuzima pamoja. Anayenunua gari lililotumika anaweza kugundua bila mashine. Washa swichi, usipige stata, hesabu taratibu. Taa ya SRS lazima iwake, na baada ya sekunde kama sita izime yenyewe huku taa ya betri na ya mafuta zikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, au ikizima pale tu injini inapowaka, sambamba na hizo nyingine, gari hilo lina kitu kimefichwa. Nchini Uingereza gari ambalo taa hii inaonyesha hitilafu halipiti ukaguzi wa MOT, na hapa kwetu mnunuzi ana haki ya kuwa mkali kiasi hicho hicho.

Ukisubiri matengenezo, chukulia kwamba hujui mfuko utafanya nini. Kwenye magari mengine kompyuta huzima sehemu ya mfumo, kwenye mengine huchagua jibu la akiba, na dereva hana njia ya kuona ni lipi. Funga mkanda kila safari. Kaa ukiwa na sentimita 25 au zaidi kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani. Kama umbali huo haupatikani miguu ikiwa inafika kwenye pedali, laza kidogo mgongo wa siti au shusha usukani. Watoto wakae nyuma, na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Kazi ikiisha, betri ifungwe mtu akiwa nje ya gari, na swichi iwashwe bila mtu kukaa mbele ya mifuko. Misimbo isomwe upya, ifutwe, kisha siti isogezwe njia nzima mara kadhaa huku ukitazama mstari wa data pamoja na fundi. Endesha wiki moja katika barabara zako za kawaida, pamoja na zile za matuta, urudi msome tena. Omba karatasi au picha ya matokeo ya mwanzo na ya mwisho, uiweke pamoja na kadi ya gari. Fundi atakayelifungua mwaka ujao ataanzia hapo.